Wanawake Wasipoitikia

Shangazi Eufrásia aliamka na ugomvi tumboni siku hiyo, na kama kawaida yake alianzia mbali. Kwanza alilalamikia mkaa wa pasi. Akalalamikia sketi ya Dalvina, ile ya zambarau, kwamba imepauka mpaka inaona haya kutoka nje. Akamalizia kwa kahawa, ambayo alikuwa ameichuja mwenyewe. Dalvina aliendelea kupiga pasi. Mwanamke huyo ndiye aliyemlea tangu akinyonya kidole, kwa hiyo alimjua vizuri: akianza na mkaa, ujue anaelekea kwenye moto.

"Na huyo mwanamume wako amerudi," shangazi alisema hatimaye, akitazama dirishani kana kwamba anaongea na kuku wa jirani.

"Sina mwanamume, Shangazi."

"Haya, huyo mwanamume asiye wako amerudi. Yuko kwa dada yake, kule chini karibu na reli. Amekonda kama ng'onda. Redio imemla nyama, sisi imetutemea mifupa."

Pasi ilisimama juu ya pindo la sketi. Dalvina aliinyanyua upesi, lakini alama ndogo ya kahawia ilikuwa imeshabaki.

"Nimesikia," alisema. "Zuleica aliniambia."

"Alikwambia pia kwamba leo analeta wimbo mpya wa samba uwanjani?"

Hilo Zuleica hakulisema, na rafiki wa kweli akinyamazia jambo kama hilo basi ameogopa kulisema. Dalvina aliiweka pasi juu ya kigae chake akashika kiuno. Moyo ulimwenda mbio, naye akaukasirikia, maana alikuwa ameshaukanya kwamba habari za Jurandir zisiushtue tena.

Kilima cha Sabiá kilikuwa na sheria yake, na haikuandikwa popote. Mtunzi akileta samba mpya huiimba peke yake katikati ya uwanja, kwa kigitaa na tari tu. Huiimba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya hapo ni kazi ya wanawake. Wakiitikia, ngoma kubwa inaingia na wimbo umezaliwa. Wakikunja mikono, Mzee Claudionor, msimamizi wa uimbaji, anapuliza filimbi, na wimbo huo hauimbwi tena hapo kamwe. Wanaume walikuwa na benchi lao la watunzi na kofia zao za ukindu, lakini uhai wa wimbo ulikuwa vinywani mwa wanawake. Na wanawake hawakufungua vinywa mpaka wasikie sauti ya kwanza. Kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa ya Shangazi Eufrásia, hadi pumu ilipomkaba. Ndipo alipomshika Dalvina mkono mbele ya chama chao kizima cha samba, Flor do Sabiá, akamsimamisha mahali pake.

"Sasa nisikilize," shangazi alisema. "Mimi si mtu wa maneno mengi."

Siku nyingine Dalvina angecheka.

"Yule mtu ataimba mpaka koo limkauke, na wewe utakunja mikono. Ukifungua mdomo, usirudi kulala humu. Umfuate huko relini, mkale nyimbo."

"Na wimbo ukiwa mzuri?"

"Nyoka naye ana ngozi nzuri."

"Shangazi, mimi nauliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli!" Kifua kilianza kumbana, akaketi kitandani, sauti ikashuka. "Ile meza niliitandika mimi, mwanangu. Kitambaa cheupe nilikiazima mimi. Usinifanye niitandike mara ya pili."

Meza hiyo hakuna aliyekuwa ameisahau kilimani pale.

Ilikuwa Jumapili ya Dalvina kuvishwa pete ya uchumba na Jurandir, miezi kadhaa nyuma. Shangazi alikesha na feijoada yake, maharage meusi na masikio ya nguruwe na soseji, mboga ikakatwa nyembamba kama uzi, machungwa yakamenywa. Ndugu walikuja, majirani walikuja, hata wasioalikwa walikuja na vijiko vyao. Jurandir alituma neno kwamba angechelewa kidogo, ana kipindi cha redio mjini saa sita, wawashe redio wamsikie. Redio yenyewe alikuwa amewaletea yeye. Wakaiweka katikati ya meza, pembeni mwa sufuria, kama mgeni wa heshima. Akaimba, na wote walipiga kelele za furaha, maana ule wimbo waliujua tangu ukiwa mchanga: sehemu ya kwanza ya Jurandir, ya pili ya Dalvina. Kisha mtangazaji akasema kwamba kijana huyu ameutunga wimbo peke yake usiku mmoja wa upweke, lakini upweke umekwisha, mabibi na mabwana, kwa sababu huyu hapa ubavuni mwake ndiye mchumba wake, bibie Marlúcia! Ukumbi ukapiga makofi. Na ndani ya makofi hayo, kila aliyeketi mezani alimsikia Jurandir akicheka.

Shangazi Eufrásia ndiye aliyeizima redio. Alichukua upawa, akaanza kupakua, akasema: "Kuleni, jamani. Maharage hayana kosa."

Wakala. Dalvina naye alikula, na mpaka leo hakumbuki ladha yake.

*

Mchana, watu wakiwa majumbani wanajipaka mafuta na kutafuta viatu, Dalvina alichukua debe akaenda bombani. Maji yalikuwepo nyumbani. Shangazi aliona debe likitoka na akajua kwamba maji yapo, ila aliachia hapo, au labda pumzi ya kugombana ilikuwa imemwishia.

Alikuwa hajajaza hata nusu aliposikia viatu vikiteremka ngazi za mawe. Viatu hivyo alivijua kwa mlio. Hakugeuka.

"Hujambo, Dalvina."

"Sijambo."

"Nilijua utakuja huku."

"Nimekuja kuteka maji."

"Ndiyo. Maji." Akashuka ngazi ya mwisho. "Nikusaidie debe?"

"Liache debe langu."

Hapo aligeuka, na ikawa ndiyo kosa. Alikuwa amejiandaa kumwona mwanamume wa redio, mwenye suti ya kitani na nywele za kung'aa. Aliyesimama mbele yake alikuwa Jurandir yule yule wa zamani, ila mashavu yameingia ndani, kofia ameivua ameishika kifuani kama mtu aliyekuja kuhani msiba. Kifungo cha kola hakikuwepo. Vidole vya Dalvina vilianza vyenyewe kutafuta sindano, akavificha nyuma ya sketi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, naye alikuwa akikohoa moyoni tangu asubuhi.

"Umekonda," alimwambia.

"Wewe umependeza."

"Usianze."

"Sianzi. Nasema nilichokiona."

Maji yalijaa debe yakaanza kumwagika miguuni mwao. Wote wawili waliyatazama na hakuna aliyefunga bomba.

"Redio wameniacha," Jurandir alisema. "Baada ya karnivali walipata sauti nyingine, changa kuliko yangu. Siku ya kwanza wakaniambia nipumzike. Siku ya pili mlinzi wa mlangoni akaniuliza jina. Mimi! Mlinzi yule yule aliyekuwa ananifungulia mlango kila wiki na kuomba picha yangu ampelekee binti yake!"

"Na bibie Marlúcia, naye alikuuliza jina?"

"Marlúcia ana mume wake, Dalvina. Wanakaa mji wa Niterói, na mtoto wanaye. Yale yalikuwa maneno ya mtangazaji ya kuchangamsha ukumbi. Nakuapia kwa roho ya mama yangu."

"Mama yako mwache apumzike. Mtangazaji alisema, sawa. Wewe ulisema nini?"

Jurandir aliinamisha kichwa. "Nilicheka."

"Nilikusikia ukicheka."

"Watu walikuwa wanapiga makofi. Taa ile usoni... Niliwaza, nikimkatiza huyu bwana sasa hivi, wiki ijayo sitaitwa. Nikajiambia nitakwenda nyumbani nieleze, watanielewa."

"Na aliposema wimbo umeutunga peke yako? Hapo napo taa ilikuwa usoni?"

"Dalvina..."

"Sehemu ya pili niliitunga hapa hapa, nimesimama hivi hivi, debe kichwani! Wewe ulikuwa umekaa pale juu ya jiwe, umekwama kama punda kwenye tope, unaniomba, 'Nipe mstari, mpenzi, nipe mstari mmoja tu.' Nikakupa yote."

"Najua."

"Hapa bombani unajua. Kule ulijua?"

Jurandir alifunga bomba polepole, mpaka tone la mwisho, kazi ambayo haikuhitaji muda wote huo.

"Pete nilikuwa nayo mfukoni siku ile," alisema, mgongo ukiwa bado umemwelekea. "Mpango wangu ulikuwa niimbe kwanza, nikimbilie treni, niwakute bado mnakula. Nikaona nitaingia na sifa zangu zikiwa zimenitangulia, shangazi yako afurahi, asiseme tena kwamba nitamshindisha mpwa wake njaa. Nilifika kituoni, Dalvina. Nilishuka kwenye treni. Watoto wanaouza karanga wakanikimbilia, wananiambia, 'Hongera, kaka, mchumba wako mzuri!' Miguu ikafa. Nikapanda treni ya kurudi."

Hilo Dalvina hakuwa akilijua. Miezi yote hiyo aliamini kwamba Jurandir hakukumbuka kabisa kuja. Kumbe alifika mpaka chini ya kilima, feijoada bado ikitoa moshi, akageuka. Hakujua kama habari hiyo inapunguza maumivu au inayaongeza. Machozi yalimjaa, akayarudisha kwa nguvu, maana hakutaka ayaone.

"Ungepanda," alisema. "Ungepanda juu ukasimama mlangoni. Shangazi angekupiga kwa upawa. Mimi ningelia. Halafu yangekwisha."

"Niliona aibu."

"Ukanipa mimi hiyo aibu nikuwekee."

Jurandir aliingiza mkono mfukoni akaitoa ile pete. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chenye mstari wa zambarau, rangi ya chama. Hakukifungua, alikishika tu kiganjani kati yao. Dalvina alikitazama kile kitambaa kwa muda. Angenyoosha mkono kidogo tu.

"Leo usipoingia, wanawake wengine hawataingia," Jurandir alisema. "Claudionor ameshaniambia wazi: wimbo ukianguka, benchi la watunzi nisilikalie tena. Na mimi sina mahali pengine, Dalvina. Mjini nimefukuzwa. Kama Sabiá nako..."

"Kwa hiyo ndicho kilichokuleta bombani."

"Nimekuja kwa ajili yako." Akasita. "Na kwa hicho pia. Sitakudanganya tena hata kidogo. Nakutaka wewe, na nataka niimbe. Sijui kuvitenganisha."

Hapo alisema kweli tupu, na ndiyo iliyomuuma zaidi. Dalvina aliinama, akaweka kata ya kitambaa kichwani, akanyanyua debe mwenyewe.

"Rudisha pete mfukoni," alisema. "Watu watatuona."

"Utaingia?"

"Wimbo wako sijausikia."

"Nikuimbie sasa?"

"Hapana!" Ilimtoka kwa ukali, na debe likamwagika kidogo begani. Alijua akimwimbia hapo, wawili peke yao, kesi imekwisha. "Uimbe mbele ya watu. Siku ile uliimba mbele ya watu."

*

Uwanja wa Flor do Sabiá ulifurika jioni hiyo kuliko Jumapili ya kawaida. Habari zilikuwa zimepanda ngazi na kushuka. Wapo waliokuja kusikia samba, na wapo waliokuja kuangalia uso wa Dalvina, na hao wa pili ndio waliowahi nafasi za mbele.

Wanawake walisimama upande wao, sketi za zambarau na blauzi nyeupe. Shangazi Eufrásia aliketi kwenye kiti chake, upepeo mkononi, macho hayamtoki mpwa wake. Zuleica alijipenyeza akasimama bega kwa bega na rafiki yake.

"Samahani, shoga, sikukwambia," alinong'ona. "Niliogopa utaniunguza na pasi."

"Nimeunguza sketi badala yako."

"Sasa tufanyeje? Wote wananiuliza mimi. Tunaingia, hatuingii?"

"Sijui."

"Hujui? Mwenzangu, tuko wanawake uwanja mzima hapa tunakungoja wewe!"

Mzee Claudionor aliinua mkono, kelele zikafa. Jurandir alitoka kwenye kundi la wanaume akaja katikati peke yake. Hakuna aliyempigia makofi. Mwanamume mmoja nyuma aliguna, "Mfungulieni redio aimbe," wachache wakacheka. Jurandir alisikia, akampa ishara mpiga kigitaa, na akaanza.

*Nimerudi, Sabiá, sina kitu mkononi,*
*nilichofuata mbali nilikiacha nyumbani.*
*Mbwa wa njia ya juu hanijui, ananibwekea,*
*nifungulieni, jamani, mvua inaninyeshea.*

Dalvina alifumba macho. Alitamani wimbo uwe mbaya, Mungu amsamehe. Kama ungekuwa wa majivuno, kama ungekuwa na yale maneno ya kung'arisha ya redio, angekunja mikono akarudi nyumbani akalala. Lakini ulikuwa mzuri. Ulikuwa na njia nyembamba ya sauti iliyopanda polepole kama ngazi za kilima chao na kuteremka mahali ambapo mtu hakutegemea, na kila neno lilienea mahali pake kama mguu katika kiatu chake. Na haukuwa na sehemu ya pili. Jurandir alikuwa ameuleta nusu. Kila aliyejua samba pale uwanjani aligundua hilo, na wote wakajua nusu nyingine ameiacha wazi kwa ajili ya nani.

Aliimba mara ya pili. Sasa macho yake yalimtafuta Dalvina, yakampata, hayakuondoka. Yeye naye hakuyaondoa yake. Kwa muda huo hapakuwa na uwanja wala watu. Alimwona akiwa kijana, amekaa juu ya jiwe, anampigia debe lake tupu kama tari. Alikumbuka harufu ya mvua kwenye shati lake. Akakumbuka pia kicheko ndani ya makofi. Vyote viwili vilikuwa vya mtu mmoja, na hapo ndipo shida yake ilipokuwa.

"Dalvina," Zuleica alinong'ona, sauti ya kilio. "Ni mzuri, mama yangu. Ni mzuri huu."

"Kunja mikono," shangazi alisema bila kugeuza kichwa.

Mara ya tatu sauti ya Jurandir ilikatika kwenye "nifungulieni". Hakuimaliza vizuri. Kigitaa kilimsindikiza mpaka mwisho kama mtu anayemshika mlevi mkono. Wapiga ngoma walimtazama Claudionor, Claudionor aliwatazama wanawake, wanawake walimtazama Dalvina. Mzee akapeleka filimbi mdomoni, taratibu sana. Yeye mwenyewe alimfundisha Jurandir kushika tari, na mkono ulikuwa mzito.

Dalvina alimgeukia shangazi yake.

"Shangazi," alisema, "maharage hayana kosa."

Upepeo ulisimama hewani. Kabla shangazi hajapata neno, Dalvina alikuwa amefungua mdomo.

*Nimerudi, Sabiá...*

Sauti yake ilitoka juu, peke yake, ikapita juu ya vichwa vya watu na kofia. Zuleica alidaka neno la pili kama mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi chini ya maji. Wakafuata wote, safu nzima, na ngoma kubwa ikaingia chini yao, ardhi ikatikisika. Watu walipiga yowe. Wanaume waliokuwa wamecheka walirusha kofia. Wimbo ulikuwa umezaliwa, hai, unapiga mateke.

Na Jurandir alilia. Alisimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, machozi yanashuka waziwazi, na usoni mwake kulikuwa na furaha ambayo Dalvina aliisoma vizuri. Alikuwa anafikiri amesamehewa. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni, penye kile kitambaa.

Wimbo ulizunguka mara ya kwanza, ukazunguka mara ya pili, ukafika mwisho na kukuta pale palipoachwa wazi. Ngoma zilishuka, zikabaki chini zikinguruma, zinangoja ubeti. Kwa mazoea hapo huingia mwanamume mmoja kutoka benchini, akajionyesha. Lakini Dalvina aliinua mkono, akashika ncha ya sketi kuificha ile alama ya pasi, akatembea mpaka katikati. Alisimama karibu na Jurandir kiasi cha kunusa mvua ile ya zamani, akaimba akimtazama usoni.

*Mlango tumefungua, ingia ujikaushe,*
*kahawa ipo jikoni, moyo wako uushushe.*
*Mvua ikishakatika, njia yako uifuate,*
*chumba cha ndani kina kufuli, ufunguo usiutafute.*

Uwanja uliguna mguno mmoja mkubwa, kisha ukalipuka. "Huyo! Huyo Dalvina!" Watu walishikana mabega. Walikuwa wamepata walichokuja kutafuta na zaidi yake, na bila kungoja amri waliurudia ubeti wote, mstari kwa mstari, kana kwamba wameujua tangu utotoni.

Jurandir hakutoa mkono mfukoni. Furaha usoni ilimwondoka polepole.

"Umeniimbia ili unifukuze?" aliuliza. Katikati ya kelele ile Dalvina peke yake ndiye aliyeweza kumsikia.

"Nimeuimbia wimbo. Wimbo haujanikosea kitu."

"Na mimi?"

"Wewe ulinikosea, Jurandir." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Na nakupenda. Usije ukasema sikukwambia. Lakini taa nyingine ikikuwakia usoni utacheka tena, na mimi sitakuwa na nguvu ya kula maharage yale mara ya pili."

Mzee Claudionor alikuwa amefika kwao, jasho linamtiririka, anacheka kama mtoto. "Nitangaze jina!" alipiga kelele. "Samba ya nani hii? Semeni haraka, watu wamepagawa!"

Jurandir alimtazama Dalvina. Aligeuka kuwakabili watu, na alipopaza sauti, mpaka waliokaa juu ya ukuta walimsikia.

"Sehemu ya kwanza yangu! Ya pili ya Dalvina! Ya Dalvina wa Sabiá!"

Makofi yalipigwa. Hayo ndiyo maneno ambayo Dalvina aliyangoja mezani siku ile, mbele ya sufuria na kitambaa cha kuazima, na sasa yalikuwa yamekuja, matamu vile vile, na hayakuwa na mahali pa kukaa. Aliitikia kwa kichwa tu, maana angesema neno angelia.

Aliporudi kwenye safu yake alijikaza kukutana na macho ya shangazi. Eufrásia alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Alimtazama mpwa wake juu mpaka chini, kifua kikipanda na kushuka.

"Mdomo umeufungua," alisema.

"Nimeufungua, Shangazi."

"Hm." Alimfuta Dalvina shavu kwa kona ya leso, kwa nguvu, kama anamfuta mtoto uji. "Kuna wali wa jana. Tutaupasha moto tukirudi."

Kule katikati Jurandir alikuwa ameshaketi kwenye benchi la watunzi. Walimsogezea nafasi, mmoja akampa glasi, mwingine akampiga mgongoni. Alikuwa nyumbani. Hakunywa. Alikaa na glasi yake akimtazama Dalvina, na Dalvina alielewa kitu ambacho hakukifikiria alipokuwa anatembea kwenda katikati.

Wimbo ulikuwa mzuri mno. Jumapili ijayo wangeutaka, na nyingine, na nyingine, mpaka karnivali na baada yake. Kila mara ungefika pale mahali pake, ngoma zingeshuka, na watu wangegeuka kumngoja yeye. Na kila mara ingembidi amtazame mtu anayempenda, amfungie chumba cha ndani mbele ya wote, kwa sauti nzuri, bila kukosea hata neno.

"Tena!" uwanja ulidai. "Tena, Dalvina! Tena!"

Mzee Claudionor aliwapungia mkono wapiga ngoma. Ngoma kubwa ikapiga. Dalvina alivuta pumzi, akafungua mdomo.